Kununua kitabu cha pikipiki ya kitambo bila kuuziwa kava

Ukichukua nduthi ya zamani, tuseme Honda CG125 ama ile Suzuki ya mzee imelala kwa store huko ushago, kitabu chake cha maelezo (manual) huwa kilishapotea zamani. Kupata kingine si ngumu, shida ni watu hununua wakiangalia picha ya kava, na kava haisemi kitu.

Anza na pikipiki yenyewe. Chukua kitambaa na mafuta taa kidogo upanguse pale kwa shingo ya fremu, karibu na usukani, utaona namba imegongwa kwa chuma. Piga picha, na ile ya ubavuni mwa injini pia, hizo ndizo zitakusaidia kujua ni modeli gani. Usiamini mwaka wa logibuku peke yake, hizi pikipiki zimepita mikono mingi na injini zimebadilishwa. CG za kwanza, za 1976, zilikuwa volti 6, baadaye zikahamia 12, sasa ukimpa fundi mchoro wa waya wa mwaka mwingine atakuchomea balbu halafu mlaumu spea ati ni feki.

Pia jua unataka kitabu gani. Cha mwenye pikipiki ni kadogo, kanakwambia oili gani na kiasi gani, presha ya tairi, cheni ilegee vipi, plagi namba gani. Cha fundi ni kinene, hicho ndicho kinafungua injini. Wauzaji huchanganya hivi viwili kila siku, na wengine hata si ujanja, maana vile vya kampuni ya Haynes kutoka Uingereza ni vya fundi kabisa lakini kwa kava wameandika Owners Workshop Manual, unadhani ni cha mwenye. Kwa hivyo omba namba ya kitabu, mara nyingi iko kava ya nyuma huko chini. Suzuki ikianza 99011 ni ya mwenye, 99500 ni ya fundi. Kawasaki ni 99920 ya mwenye, 99924 ya fundi. Yamaha angalia tarakimu za katikati, 28199 ya mwenye, 28197 ya fundi, na zile herufi za mbele mara nyingi ndizo zinaanza namba ya fremu, zikifanana hapo umefika. Ukiona namba ya Yamaha inaanza na LIT, hicho kilichapishwa kwa soko la Marekani.

Kutafuta sasa. Nairobi, zile inama za Tom Mboya Street, wale wa kuuza vitabu chini barabarani, ni bahati tu, utapata vitabu vya shule mpaka uchoke, lakini pita. Mimi ningeanza Kirinyaga Road, ulizia wale wazee wa spea wa tangu zamani, wengine wana vitabu nyuma ya kaunta, kuuza anaweza kataa lakini ukiongea naye poa atakuachia utoe fotokopi. Kabla hujalipa mtu angalia pia tovuti ya kampuni, Yamaha kwa mfano wameweka vingine bure, ingawa za kitambo sana huwa hazipo.

Ukinunua kwa mtandao mwambie muuzaji apige picha kava ya nyuma, na ukurasa wa plagi akiwa ameweka kalamu juu yake, ndio ujue kitabu kiko mkononi mwake na si picha ameiba. Halafu uliza mchoro wa waya uko. Huo hukaa mwisho, unakunjwa, na ndio watu hung'oa. Madoa ya grisi yasikutishe kabisa, kurasa zilizoloa zikashikana ndizo za kukimbia. Picha zikiwa nyeusi hazionekani vizuri, hiyo ni fotokopi, lipa bei ya fotokopi.

Wa hapa town mkutane, ufungue kurasa zote, ndio utume M-Pesa. Wa eBay uliza bei ya kutuma kwanza, inaweza pita ya kitabu, mwambie atumie posta ya kawaida kwa sanduku lako badala ya kuria (courier).

Kikifika toa kopi ya mchoro wa waya kwa karatasi kubwa, A3 hivi, hiyo ndiyo utampelekea fundi. Kitabu chenyewe kisitoke nyumbani, ukikiacha gereji hukioni tena.