Kusaini mkataba wa PDF bila kuprinti: ninavyofanya hapa Mwanga, Kigoma

Juzi aliingia dukani kwangu katibu wa kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi, mkataba uko kwenye simu. Mnunuzi yuko Dar es Salaam na anataka saini leo hii hii. Zamani tungeprinti, mama akasaini, bahasha tukamkabidhi konda wa basi, halafu tukabaki kuomba Mungu. Sasa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki. Wenye wosia na mauziano ya viwanja bado nawaelekeza kwa wakili, wala sibishani nao.

Kwanza tuelewane kuhusu picha. Wengi wanasaini karatasi nyeupe, wanaipiga picha, wanaibandika kwenye waraka. Hiyo ni picha ya saini tu. Yeyote mwenye mkataba wako anaweza kuinyofoa akaibandika kwenye hati ya deni. Sheria hiyo hiyo, inapoeleza saini iliyo salama, inataka iwe chini ya mamlaka ya mwenyewe na iungane na waraka kiasi kwamba badiliko lolote ligundulike. Kwa hiyo ninachoeleza hapa ni saini ya cheti, yaani faili la kielektroniki lenye jina la mwenye saini, linalofunguliwa kwa nywila yake.

Hatua ya 1: programu

Weka Adobe Acrobat Reader kwenye kompyuta. Ya bure inatosha. Zile tovuti za kupandisha mkataba ukasainiwe huko huko sizipendi hata kidogo: mkataba una namba ya NIDA, akaunti ya benki na bei mliyokubaliana.

Hatua ya 2: cheti

Fungua "Use a certificate", halafu "Digitally sign", chora kiboksi mahali pa saini, kisha chagua kutengeneza kitambulisho kipya na kukihifadhi kama faili. Jina liwe la mwenye saini, si la duka lako. Nywila aandike mwenyewe. Wewe geuka utazame bodaboda barabarani. Nywila hii haina kitufe cha "nimesahau". Ikipotea, cheti hakina kazi tena.

Faili linaishia na .pfx. Ukiliacha pale programu inapoliweka yenyewe, siku fundi akipiga Windows upya limekwenda. Mama yule hana kompyuta, kwa hiyo tulilihifadhi kwenye flashi yake nami nikahakikisha halijabaki kwangu. Flashi akaifunga kwenye pindo la kanga.

Hatua ya 3: mpangilio, kabla hujasaini

Hapa nilipoteza mchana mzima mwaka jana, nisome vizuri.

Nilikuwa nimemsainisha mzee mmoja mkataba. Mnunuzi akasema ongezeni nakala ya kitambulisho. Nikaunganisha kurasa, saini ikafa. Tukasaini tena. Faili likawa zito, nikalipunguza, saini ikafa tena. Safari ya tatu nikajiona mjanja: nikalifungua na kuliprinti upya kuwa PDF. Kiboksi chenye jina kilionekana safi kabisa, ila ule mstari wa juu unaotaja saini haukuwepo. Kilichobaki ni mchoro. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, hii saini yangu inakwenda wapi kila saa?"

Inakwenda hivi: wakati wa kusaini, programu inakokotoa alama fupi kutokana na kila kilichomo ndani ya faili, na alama hiyo ndiyo inayofungwa kwa cheti. Ukigusa hata mkato mmoja, hesabu haiwiani tena. Kwa hiyo jaza nafasi zote, unganisha viambatisho, geuza kurasa zilizolala, punguza uzito, soma tena majina na tarakimu za fedha. Ndipo usaini. Ukishasaini usiliguse.

Wasainiji wakiwa wawili, wa pili asaini kwenye faili lile lile alilosaini wa kwanza. Saini yake inaongezwa juu na ya kwanza haiharibiki. Lakini angalia kile kiboksi cha kufunga waraka baada ya kusaini. Siku ile ile nilikitia tiki nikidhani naongeza ulinzi, na mnunuzi akashindwa kusaini upande wake. Tiki ni ya msainiji wa mwisho tu.

Na nywila ya kufungulia waraka? Usijaribu kuiweka juu ya PDF iliyokwisha sainiwa. Mimi nalitia faili zima ndani ya 7-Zip, programu ya kubana na kufunga mafaili, nachagua AES-256 (aina ya kufuli la nywila), namwambia mpokeaji nywila kwa kupiga simu. Kuituma kwenye WhatsApp ile ile uliyotumia faili ni sawa na kufunga mlango na kuacha ufunguo kwenye kitasa.

Hatua ya 4: kutuma

WhatsApp sawa, ila tuma kama waraka, si picha ya skrini. Nakala moja ibaki kwenye flashi, nyingine mahali pengine. Ile ya kuprinti ni ya kusomea tu. Ushahidi ni faili.

Hatua ya 5: upande wa mpokeaji

Ataona onyo kwamba saini haijathibitishwa, na atakupigia kwa hasira. Kompyuta yake haikijui cheti chenu, kwa sababu mmejitengenezea wenyewe. Mwambie abofye saini, afungue maelezo ya cheti, atafute alama yake ya SHA, ule mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi unaokitambulisha cheti hicho. Msomeane kwa simu kabla hajakiongeza kwenye vyeti anavyoviamini. Asiposoma, mtu yeyote angeweza kutengeneza cheti chenye jina la mama yule.

Mnunuzi wa juzi alisoma herufi mbili mbili, mama akifuata kwa kidole kwenye skrini yangu. Katikati akamkatisha: "Hapo rudia baba, mimi naona B, wewe umesema D." Akarudia. Ilikuwa B. Walipofika mwisho akachukua flashi yake na kuwahi Kibirizi, dagaa walikuwa bado juani.