Kuokoa madaftari ya chama cha mdahalo: ninavyofanya hapa Moshi

Chama cha mdahalo kikishakufa, madaftari yake hubaki kwa katibu wa mwisho. Katibu naye akifariki, yanabaki chini ya kitanda. Ndivyo nilivyoyapata ya chama kimoja cha hapa mjini: sanduku la bati, madaftari manane, barua na vikaratasi vya kura. Ukipata sanduku kama hilo anza kazi mapema, masika hayasubiri mtu.

Hatua ya kwanza: usipange chochote. Piga picha sanduku likiwa wazi, kisha toa kimoja kimoja ukiandika kilikuwa wapi. Hapa mimi nilikosea. Vikaratasi vya kura vilikuwa vimekunjwa katikati ya kurasa, nikavikusanya vyote kwenye bahasha moja. Leo kura zipo, ila hakuna awezaye kusema zilipigwa kwa hoja ipi. Bado inaniuma.

Hatua ya pili: usafi. Nawa mikono, uikaushe kabisa. Glavu zinapumbaza vidole na karatasi inachanika. Daftari lenye ukungu lianike kivulini penye upepo, likikauka ulifagie kwa brashi laini, ukiwa nje na barakoa usoni. Pini yenye kutu usiivute. Pitisha kipande chembamba cha plastiki chini yake, nyoosha miguu yake, ndipo uitoe. Selotepu na laminesheni usiviguse.

Hatua ya tatu: kila ukurasa upate nambari, kwa penseli laini.

Hatua ya nne ni kuipatia tarehe karatasi isiyo na tarehe. Soma kichwa cha barua. Kikiandikwa Tanzania, si ya kabla ya Oktoba 1964, jina hilo lilipopatikana. Barua ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, haiwezi kutangulia 1933, ulipoanzishwa. TANU ikitajwa kama chama kilicho hai, uko kati ya Julai 1954 na Februari 1977. Tarehe uliyokadiria itie kwenye mabano ya mraba, ajaye ajue ni yako wala si ya katibu. Angalia na saa: saa 10 jioni ya muhtasari wa Kiswahili ni 4 ya muhtasari wa Kiingereza. Nakili ulivyoikuta.

Hatua ya tano ndiyo roho ya kazi: orodha ya hoja. Andika tarehe, hoja kwa maneno yake yenyewe hata kama tahajia ni ya zamani, mtoa hoja, mpinzani, kura za kila upande, na ukurasa. Wengi huandika upande ulioshinda tu, na hilo ni kosa kubwa. Mdahalo una pande mbili. Waliosema mambo ambayo mji haukuwa tayari kuyasikia mara nyingi ndio walioshindwa, na maneno yao hayapo popote ila humo. Soma hata yaliyofutwa. Katika daftari la tatu katibu aliandika “wote walikubali”, akaikata “wote” kwa mstari mmoja na juu yake akaandika “wengi”, kwa wino mwingine. Mtu alirudi kudai haki yake. Neno lile lililokatwa nimeliingiza kwenye orodha.

Hatua ya sita: skani kwa nukta 300 kwa inchi, 400 kwa penseli iliyofifia. Faili la kutunza liwe TIFF, la kutumiana JPEG. Weka nakala tatu, moja ikae mji mwingine. Yangu iko Arusha kwa dada yangu.

Mwisho, kaa na familia. Muulizane ni nani waliotajwa wangali hai, na kama wanaridhia kusomwa na watu. Andikeni makubaliano, msaini, hata kama madaftari asili yatabaki kwao nyumbani. Yakibaki, yalale bapa ndani ya boksi kavu, juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje na mchwa. Sanduku la bati nalo lipe nambari: ndani ya kifuniko cha lile langu, katibu alikuwa amebandika orodha ya wanachama waliolipa ada.