"Genuine" si neno la ngozi tu
Ukipita mitumbani Kongowea, geuza mshipi wowote wa kiume uusome kwa ndani. Mara nyingi utaona umepigwa chapa "genuine leather". Maana yake ni ngozi ya kweli, ya mnyama, si plastiki. Haisemi kwamba ngozi hiyo ni ya daraja la juu, na hapo ndipo watu wengi hupunjika, jambo linaloniuma sana.

Kwa mtu, "she is genuine" ni sifa kubwa: hana unafiki, la moyoni ndilo la mdomoni. Na "a genuine mistake" usilitafsiri "kosa halisi". Ni kosa lisilokusudiwa. Mwandikie hivyo mteja ukimkosea hesabu.

Kutamka, malizia na "in": jenyuin, si jenyuaini.