Namna ya Kuwa Mtayarishaji na Fundi Sauti wa Muziki wa Rege

Anayetaka kuifanya kazi ya kutayarisha muziki wa rege na kuusimamia mitamboni aanze kwa kuelewa kwamba, katika muziki huu, fundi sauti ni mpigaji kama wapigaji wengine na meza ya kuchanganyia sauti ni ala yake. Aliyelidhihirisha jambo hilo kuliko wengine ni Osbourne Ruddock wa Kingston, Jamaika, maarufu kwa jina la King Tubby, ambaye kabla ya kuwa na studio alikuwa akitengeneza redio na amplifaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alijipatia meza ya kuchanganyia ya kampuni ya MCI iliyokwisha kutumika katika studio kubwa zaidi, akairekebisha kwa mikono yake mwenyewe, kisha akawa anaiondoa sauti ya mwimbaji, anaziacha besi na ngoma zitembee peke yake, na kuzirudisha ala nyingine vipande vipande zikiwa zimefunikwa na mwangwi. Mtindo huo ndio unaoitwa dabu, na mpaka leo ndio chuo cha fundi sauti wa rege.

Kwa sababu hiyo ningemshauri mwanagenzi ajifunze umeme kabla ya kununua chochote cha bei kubwa. Ajue kuchomelea waya kwa risasi, kutofautisha waya wa mawimbi na waya wa ardhi, kutafuta chanzo cha mvumo unaosikika kwenye spika kabla wimbo haujaanza, na kupima kama kebo imekatika kwa ndani. Hopeton Brown, anayejulikana kama Scientist, alifika kwa King Tubby akiwa kijana mwenye hamu ya amplifaya, akaingia kwenye uchanganyaji wa sauti kupitia mlango huo. Neil Fraser, yaani Mad Professor, naye alikuwa mtu wa elektroniki, na mwaka 1979 aliianzisha studio yake ya Ariwa katika sebule ya nyumba yake jijini London. Studio ya nyumbani, basi, si aibu ya wakati wa kuanzia, maana sehemu muhimu ya historia ya muziki huu ilirekodiwa nyumbani kwa watu.

Baada ya mikono, sikio. Mapigo ya rege yana hesabu inayowatatiza waliozoea muziki mwingine, kwa kuwa wimbo uleule unaweza kuandikwa kuwa na kasi ya mapigo 75 kwa dakika au 150, kutegemea unavyohesabu. Tukihesabu kwa 150, katika mtindo wa "wandropu" pigo la kwanza huachwa tupu, nalo pigo la tatu ndilo linalobeba uzito wote, ngoma ya mguu na sneya, yaani ngoma ndogo yenye mlio mkali, zikiangukia hapo kwa pamoja, wakati gitaa linakata kwa ufupi kwenye pigo la pili na la nne. Carlton Barrett, mpiga dramu wa bendi ya The Wailers, ndiye anayepaswa kusikilizwa sana katika hilo. Upo pia mtindo wa "stepazi", ambao ngoma ya mguu hupiga mapigo yote manne bila kuruka. Mtayarishaji asiyeweza kuitofautisha mitindo hiyo kwa kusikiliza tu, bila kutazama kioo cha kompyuta, bado hajawa tayari kumwelekeza mpiga dramu, naye mpiga dramu atalibaini hilo mapema mno.

Besi ndiyo moyo wa kazi, na hapa inafaa kukaa kwa muda. Katika rege besi ndiyo inayobeba melodia ambayo msikilizaji ataondoka nayo akiiimba, kwa hiyo haitoshi iwe nzito, bali ni lazima noti zake zisikike wazi na ukimya ulioko kati ya noti uheshimiwe. Irekodi moja kwa moja kutoka kwenye gitaa la besi kupitia kisanduku cha kuunganishia, na ukiwa na amplifaya nzuri weka kipaza sauti mbele yake katika njia ya pili ya kurekodia, kisha hakikisha mawimbi ya njia hizo mbili hayakinzani, kwani yakikinzana besi hukonda hata ukiiongeza sauti. Kuifanya besi ionekane kubwa hakutokani na kuiongeza bali na kuvipunguza vilivyo jirani nayo: kata sauti za chini za gitaa la mdundo na za kinanda, hata kufikia hezi (Hz) 200 au zaidi, ili kuanzia takriban Hz 40 hadi 100 pabaki uwanja wa besi na ngoma ya mguu peke yao. Ukilisikiliza gitaa hilo pekee baada ya kulikata utaliona limekuwa jembamba kupita kiasi, lakini lirudishe kati ya wenzake nawe utaelewa. Besi ikae katikati, isitupwe upande mmoja, hasa kama wimbo utachongwa kwenye sahani ya santuri, kwa kuwa sauti nzito za pembeni huweza kuirusha sindano.

Wakati wa kurekodi acha nafasi juu ya kipimo. Kilele cha sauti kikifika kati ya desibeli 12 na 6 chini ya ukomo, kwa kina cha biti 24, umetosheka, na hakuna faida yoyote ya kuukaribia ukomo wenyewe. Jizoeze pia umaskini wa makusudi. Mtayarishaji Lee "Scratch" Perry alipoijenga studio yake ya Black Ark nyuma ya nyumba yake mwaka 1973 alikuwa na mashine ya kurekodia ya TEAC yenye njia nne tu, akalazimika kuunganisha ala kadhaa katika njia moja kabla ya kuendelea na nyingine, na uamuzi kama huo ukishafanyika haurudi nyuma. Chukua wimbo wako wenye njia 60 uukusanye katika njia nne, yaani ngoma, besi, gitaa pamoja na kinanda, na mwimbaji, halafu uuchanganye wote kwa mara moja, ukiwa unasogeza vitelezi kwa vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Fanya hivyo mara kumi na uhifadhi mara zote kumi. Itakayopendeza pengine itakuwa ile uliyoikosea mahali.

Mwangwi unaojirudia una hesabu yake. Gawa 60,000, yaani milisekunde za dakika moja, kwa kasi ya wimbo nawe utapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde: kwa kasi ya 75 ni 800, nusu yake ni 400, na robo tatu yake, ambayo katika dabu hutumika sana kwa sababu hupenya katikati ya mapigo ya gitaa, ni 600. Mwangwi uurudishe kwenye njia yake yenyewe mezani, si kwenye njia ya ala, ili uweze kuuchuja, kuulisha tena na kuukata ghafla. Usiutie kwenye kila neno. Mtupie mwimbaji neno moja la mwisho wa mstari, uliache lizunguke, kisha ukate kila kitu besi ianguke.

Upande wa biashara unahitaji kueleweka kwa namna ya pekee, kwa kuwa rege imejengwa juu ya "ridimu", yaani mdundo mmoja uliokamilika ambao waimbaji wengi hurekodi nyimbo zao tofauti juu yake. Mwaka 1985 Prince Jammy, aliyewahi kufanya kazi chini ya King Tubby, alimrekodi mwimbaji Wayne Smith juu ya mdundo uliotoka kwenye kinanda kidogo cha Casio MT-40, na kutokana na ridimu hiyo ya Sleng Teng zikazaliwa nyimbo nyingi kupita kiasi, nayo Jamaika nzima ikageukia vyombo vya kidijitali. Kwa mtayarishaji maana yake ni kwamba kazi moja nzuri inaweza kuuzwa mara nyingi, na pia kwamba magomvi ya haki yanaweza kuwa mengi kiasi hichohicho. Zamani mpigaji alilipwa ujira wa kikao akaenda zake huku tepu ikibaki kwa aliyelipia, na wazee wengi waliopiga mistari ya besi inayojulikana duniani kote hawakuona mirabaha. Usiirithi desturi hiyo. Haki ya utunzi na haki ya rekodi ni vitu viwili, hivyo siku hiyohiyo ya kurekodi, kabla mtu hajaondoka, andikeni karatasi inayoonyesha nani ametunga nini na kwa asilimia ngapi, muitie saini, kisha kila rekodi ipewe msimbo wake wa ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, wenye tarakimu na herufi 12 na isajiliwe kwenye chama cha hakimiliki.

Kipato cha miaka ya mwanzo mara nyingi hutoka jukwaani kuliko studio, kwa hiyo kubali kubeba spika, kufunga kebo na kuwa msaidizi wa fundi aliyekutangulia. Ukiwa kule, linda masikio. Kiwango kinachokubalika kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15 tu. Vizibo vya masikio vinavyopunguza sauti zote kwa usawa vina thamani kuliko kompresa (kifaa cha kusawazisha nguvu ya sauti) ya tatu.

Mwisho wa kila kazi toa faili la kila ala peke yake, yote yakianzia sekunde sifuri, yakiwa na jina la ridimu, kasi na ufunguo wake, bila mwangwi, na uyahifadhi katika diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Mwimbaji atakayeiomba ridimu hiyo baada ya miaka ishirini huenda hata hajazaliwa, na programu uliyoitumia leo huenda wakati huo isifunguke.