Kutabiri Mmenyuko wa Kemikali kwa Nishati Huru ya Gibbs

Ili kujua kama mmenyuko wa kemikali unaweza kwenda wenyewe, haitoshi kuuliza kama unatoa joto, kwa kuwa barafu huyeyuka yenyewe chumbani huku ikifyonza joto. Josiah Willard Gibbs, mwanasayansi wa Marekani wa karne ya 19, alituachia kipimo kinachojumuisha joto na mtawanyiko kwa pamoja, yaani nishati huru: ΔG = ΔH − TΔS, ambapo ΔG ni badiliko la nishati huru, ΔH ni badiliko la enthalpi (joto linalofyonzwa au kutolewa), ΔS ni badiliko la entropi (kipimo cha mtawanyiko wa nishati na chembe), na T ni halijoto kwa kelvini. Katika halijoto na kanieneo zisizobadilika, ΔG ikiwa hasi mmenyuko huelekea mbele wenyewe, ikiwa chanya huelekea kinyume, na ikiwa sifuri pande zote mbili zimo katika msawazo.

Tuchukue jiwe la chokaa, CaCO₃, linapovunjika kuwa CaO na gesi ya CO₂. Majedwali hutoa ΔH ya takriban kilojuli +178 kwa moli na ΔS ya takriban juli +161 kwa moli kwa kelvini. Kabla ya kuandika lolote, geuza juli ziwe kilojuli, yaani 0.161. Nasisitiza hatua hii kwa sababu anayeisahau, akitumia kelvini 298 (nyuzi 25 za Selsiasi), hupata 178 − 298 × 161, jibu hasi la maelfu, na kuamini kwamba chokaa huvunjika yenyewe mkononi. Hesabu sahihi ni 178 − 298 × 0.161, yaani kilojuli +130 hivi: jiwe litabaki jiwe.

Kwa kuwa ΔH na ΔS zote ni chanya, halijoto ndiyo itakayoamua. Gawanya 178 kwa 0.161 upate kelvini 1,100 hivi, karibu nyuzi 830 za Selsiasi, na juu ya hapo ΔG huwa hasi. Alama za ΔH na ΔS zikitofautiana, moja chanya na nyingine hasi, halijoto haigeuzi uamuzi. Kumbuka pia kwamba majedwali huchukulia kanieneo ya gesi kuwa bari 1. Tanuri likiondoa CO₂ kadiri inavyotoka, chokaa huanza kuvunjika katika joto la chini zaidi.

Hata hivyo, ΔG haisemi lolote kuhusu kasi. Almasi kugeuka grafiti kuna ΔG ya kilojuli −2.9 hivi kwa moli katika nyuzi 25, lakini almasi hudumu, kwa sababu vifungo vya kaboni ni lazima vivunjwe kwanza, na nishati ya kuvivunja haimo katika mlinganyo huu.