Somo: Mwendo wa mstari mmoja na wa pande mbili, kutoka daladala ya Chake hadi makachu ya Forodhani

Assalaam alaykum wanachama. Juzi vijana wawili wa Kidato cha Tatu walinifuata barazani hapa Wete na malalamiko yale yale: "Maalim, fomula tunazijua zote, mbona swali likija tunakwama?" Nikawapa karatasi, nikawaambia wachore tu, fomula wasiandike hata moja. Wakatizamana. Hakuna aliyejua mstari wa kwanza auweke wapi.

Fomula za mwendo ni tatu, na mtoto mwenye nia anazihifadhi kwa jioni moja. Kinachomshinda ni uamuzi unaokuja kabla ya fomula: nahesabia kutoka wapi, na upande upi nauita chanya? Somo lote la leo nalijenga juu ya hilo. Tafuta kalamu, rula, meza na sarafu mbili.

Hatua ya 1: Weka sifuri yako, chagua upande

Gari inatoka Chake Chake kwenda Wete, tufanye kilomita 30. Kwenda imekwenda kilomita 30 kwa saa. Kurudi barabara nyeupe, dereva kakimbiza kilomita 60 kwa saa. Spidi ya wastani ya safari nzima ni ngapi?

Kila darasa nililofundisha limenijibu 45. Sasa hesabu muda: kwenda saa 1, kurudi nusu saa. Kilomita 60 kwa saa 1.5 ni kilomita 40 kwa saa. Gari imekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa pole, kwa hiyo wastani unavutwa huko.

Na velositi ya wastani? Sifuri, maana gari imerudi pale pale ilipotoka. Ukiuita upande wa Wete chanya, kwenda ni kilomita +30 na kurudi ni kilomita −30, vinafutana. Spidi haijali unaelekea wapi, velositi inajali. Alama ya kutoa mbele ya namba inakwambia upande tu. Haimaanishi kidogo, wala haimaanishi kosa.

Hatua ya 2: Chora grafu ya velositi na muda

Hapa msikimbie. Grafu hii ikikukaa kichwani, nusu ya mada umeimaliza.

Daladala imesimama kituoni. Inaondoka, na baada ya sekunde 8 inakwenda mita 12 kwa sekunde. Inabaki hivyo kwa sekunde 20, halafu abiria anagonga bodi, dereva anafunga breki na gari inasimama kwa sekunde 4. Muda uweke chini, velositi uipandishe. Utapata mstari unaopanda, mstari uliolala, na mstari unaoshuka wima zaidi kuliko ule wa kupanda.

Mwinuko wa mstari ndio mchapuko, yaani velositi inabadilika kwa kiasi gani kila sekunde. Kuondoka: 12 gawanya kwa 8, ni 1.5 m/s². Kufunga breki: −12 gawanya kwa 4, ni −3 m/s². Breki imekuwa kali mara mbili ya kuondoka, na aliyesimama ameshika bomba kaijua tofauti hiyo begani kabla ya kuisoma daftarini.

Eneo lililo chini ya mstari ndio umbali. Pembetatu ya kwanza 48, mstatili 240, pembetatu ya mwisho 24. Jumla mita 312. Hujatumia fomula hata moja. Ukizitizama tena v = u + at na s = ut + ½at² (u ni velositi ya kuanzia, v ya mwisho, a mchapuko, t muda, s umbali), utaona ni maelezo ya picha hii hii kwa herufi: moja inasema mwinuko, nyingine inasema eneo. Ya tatu, v² = u² + 2as, ni hizo mbili zilizounganishwa ili muda utoke.

Hatua ya 3: Kuanguka

Mwendo wa kuanguka ni wa mstari mmoja, mchapuko wake tumeshapewa. Kwetu karibu na ikweta ni kama 9.78 m/s², kwenye ncha za dunia ni 9.83. Mitihani inatumia 9.8 au 10. Mimi leo natumia 10. Nazi ikikatwa juu ya mnazi mita 11.25, inafika chini kwa sekunde 1.5 ikiwa na mita 15 kwa sekunde, sawa na kilomita 54 kwa saa. Ndiyo maana mtu anapoangua nazi hatuwaachi watoto wapite chini.

Hatua ya 4: Sarafu mbili

Weka sarafu ya kwanza ukingoni mwa meza. Ya pili iweke juu ya ncha ya rula iliyotokeza nje kidogo, kiasi kwamba rula ikifyatuliwa kwa upande itaipiga ya kwanza iruke mbele, na ya pili ipoteze kikalio chake ianguke wima. Mwite mtu, mfumbe macho, sakafu iwe ya saruji. Fyatua.

Utasikia mlio mmoja. Moja imeanguka pale pale, nyingine imeruka mpaka karibu na mlango, na zote zimegusa chini kwa pamoja. Rudia kwa kufyatua kwa nguvu zaidi: ile ya mbele itakwenda mbali zaidi, lakini mlio utabaki mmoja.

Mwendo wa kwenda mbele na mwendo wa kushuka kila mmoja una hesabu yake, haviingiliani. Kinachoviunganisha ni muda peke yake. Galileo alichapisha hoja hii mwaka 1638, pamoja na ushahidi kwamba njia ya kitu kilichorushwa ni mpindo wa parabola.

Hatua ya 5: Makachu

Mliopita Forodhani, kule mjini Unguja, jioni mmewaona vijana wakipiga makachu, yaani kuruka baharini kutoka ukutani. Tufanye kijana anakimbia mita 5 kwa sekunde na kuruka moja kwa moja mbele, bila kujirusha juu, maji yakiwa mita 5 chini ya ukuta. Gawa karatasi kwa mstari katikati.

Upande wa kushuka: anaanza na 0, mchapuko 10, kimo 5. Kwa s = ½at², 5 = 5t², muda ni sekunde 1. Upande wa mbele: hakuna mchapuko. 5 mara 1, anaangukia mita 5 kutoka ukutani.

Sasa bamvua, maji yamejaa. Katika siku hizo kupwa na kujaa kwetu hupishana zaidi ya mita 3. Tufanye ukuta umebaki mita 1.25 juu ya maji. Muda unakuwa sekunde 0.5 na umbali mita 2.5. Kimo kimepungua mara nne, umbali umepungua mara mbili tu, kwa sababu muda unafuata mzizi wa pili wa kimo.

Turudi kwenye mita 5. Anapogusa maji anashuka kwa mita 10 kwa sekunde huku bado akienda mbele kwa 5. Viunganishe kwa Pithagorasi: mzizi wa 125, kama mita 11.2 kwa sekunde, kilomita 40 kwa saa. Wanangu, hii ni hesabu ya daftarini. Maji yakitoka, kimo kinaongezeka wakati huo huo kina kinapungua, na kilomita 40 kwa saa kwenye maji mafupi ni shingo ya mtu.

Maswali ya wanachama

*Kidato cha Pili, Konde: Maalim, nikirusha ndimu juu, kule juu kabisa inasimama. Velositi ni sifuri. Kwa nini mchapuko nao usiwe sifuri?*

Swali zuri sana, na watu wazima wanalikosa. Jiulize: kama mchapuko ungekuwa sifuri pale juu, nini kingeibadilisha velositi? Ndimu ingebaki ikining'inia hewani. Nusu sekunde kabla ilikuwa +5, pale juu ni 0, nusu sekunde baadaye ni −5. Kila nusu sekunde imepoteza 5 bila kupumzika. Kwenye grafu ni mstari mmoja ulionyooka unaoshuka na kuukata mstari wa sifuri. Mwinuko haubadiliki popote.

*Mzazi, Mkoani: Mimi fizikia sikusoma, na mwanangu anasomeshwa kwa Kiingereza. Nimsaidie vipi?*

Dada yangu, mwambie akufundishe wewe kwa Kiswahili. Akileta neno la Kiingereza, muulize maana yake kwa kitu mnachokiona hapo nyumbani. Fanyeni sarafu mbili pamoja, wewe ndiye ufumbe macho. Akiweza kukueleza kwa nini mlio ni mmoja, kaelewa. Akikariri tu, utamjua.

*Kidato cha Nne, Mjini: Tumeambiwa digrii 45 ndiyo inakwenda mbali kuliko zote. Basi mpiga makachu naye aruke kwa 45?*

Hapana. Kanuni ya 45 ni pale kitu kinapotua usawa ule ule kilipotokea, na upepo tumeuacha nje. Ukutani anatua chini zaidi. Kwa kijana wetu, kasi 5 na kimo 5, akiruka kwa digrii 45 anafika mita 5, sawasawa na aliyeruka bapa. Akiruka kwa digrii kama 24 anafika mita 5.6. Zifanye zote tatu kwa karatasi iliyogawanywa. Usiniamini mpaka uzipate mwenyewe.

*Nahodha wa mashua, Mkokotoni: Sisi tukivuka kwenda Tumbatu tunaelekeza omo (ncha ya mbele ya mashua) kando ya tunakokwenda, wazee walitufunza hivyo. Hesabu yenu inasemaje?*

Nahodha, hesabu inawafuata wazee. Tufanye kivuko ni mita 2,400 kuelekea magharibi, mashua inakwenda 2.4 kwa sekunde, mkondo unasukuma kusini 0.7. Ukielekeza omo magharibi kavu, unavuka kwa sekunde 1,000, na kwa muda huo huo mkondo umekuteremsha mita 700. Kwa aliyesimama ufukweni umekwenda 2.5 kwa sekunde kwa mshazari, na umetua pasipo bandari yako.

Ili ufike pale pale, sehemu ya mwendo wako iende kaskazini 0.7, iufute mkondo. Hiyo ni kuelekeza omo digrii 17 kule mkondo unakotoka. Kasi ya kuvuka inabaki kama 2.3, na unafika kwa sekunde 1,045. Umelipa sekunde 45, umeokoa mita 700 za kurudi ukipingana na maji.