Jozi za Herufi: Kumsaidia Mtoto wa Ughaibuni Kusoma Kiingereza kwa Nguvu ya Kiswahili

Katika hoteli moja ya chakula karibu na Makadara, hapa Mombasa, mjukuu wangu wa miaka sita, aliyekuja likizo ya Agosti kutoka Uingereza, alisimama mbele ya mlango ulioandikwa CHOO, akasoma "chu", kisha akaniuliza treni iko wapi. Huko anakosoma, watoto huiita treni "choo-choo", na jozi ya "oo" amefundishwa kuitamka kama "u" yetu. Watu walicheka, lakini mtoto hakukosea kusoma. Alisoma sawasawa kwa kanuni za lugha nyingine. Mwongozo huu ni wa wazazi walio ughaibuni wenye watoto wa miaka minne hadi saba, wanaotaka kuwasaidia nyumbani bila kukiweka Kiswahili kando.

Kiingereza kina herufi 26 na sauti zinazokaribia 44, kwa hiyo hulazimika mara nyingi kuunganisha herufi mbili ili kuandika sauti moja. Jambo hilo si geni kwetu. Tunaandika sh, ch, th, dh, gh, ny na ng', wala hakuna anayesoma "shati" kwa kuitenga s na h. Mtoto anayekwenda chuoni kusoma Kurani anaweza kuonyeshwa zaidi ya hapo: shini, dhali na ghaini ni herufi moja moja katika hati ya Kiarabu, hati ile ile iliyotuhifadhia mashairi ya Muyaka wa Mombasa, ilhali kwa herufi za Kilatini kila sauti kati ya hizo huhitaji herufi mbili. Mwandikie ش upande mmoja wa karatasi na "sh" upande wa pili, naye ataelewa mara moja kwamba idadi ya herufi na idadi ya sauti ni vitu viwili tofauti.

Ugumu huanzia kwenye silabi. Sisi tulifundishwa ba, be, bi, bo, bu, tukakua tukiamini kwamba konsonanti haisimami bila vokali, ilhali mtoto shuleni ughaibuni hufundishwa sauti tupu. Mimi mwenyewe, pamoja na miaka yangu yote ya kufundisha madarasa ya chini, nilimsomesha mjukuu kwa simu nikisema "shi-i-pu", naye akajitahidi kuunganisha akapata "shiipu", neno ambalo halimo katika lugha yoyote niijuayo. Njia iliyotufaa baadaye ni hii: mwambie mtoto aseme "shati" polepole, halafu anyamaze kabla hajafika kwenye a. Kinachobaki mdomoni ni ile sauti ya kumnyamazisha mtoto anayelia, na hiyo ndiyo inayoanza "ship" na kumalizia "fish". Fanya vivyo hivyo kwa "chai". Kwa ng', tumia "ng'ombe", asite kabla ya o huku ameweka kidole ubavuni mwa pua ili auhisi mtetemo. Hiyo ni sauti ya mwisho ya "sing" na "ring". Kwa kuwa maneno yetu hayaishii kwa sauti hiyo, tarajia aongeze vokali mwishoni, kama atakavyosema "daki" badala ya "duck", wala usimkaripie.

Jozi ya th inahitaji uangalifu, kwa sababu Kiingereza huandika kwa namna moja sauti mbili ambazo Kiswahili kimezitenga. Katika "thin", "three" na "bath" mna th ya "thumuni". Katika "this", "that" na "them" mna dh ya "dhahabu". Ukimpa mtoto maneno hayo mawili ya Kiswahili kuwa mizani, hatahitaji maelezo mengine. Wazazi ambao lugha zao za mama hazina sauti hizo, wakazoea kusema s na z, wasione haya kumwachia mtoto awasahihishe, kwani watoto hufurahia sana kazi hiyo.

Kwenye vokali, Kiswahili chetu kinaweza kumpotosha mtoto, maana kila vokali yetu husomwa kama ilivyoandikwa. Msichana wa Mombasa akiitwa huitika "bee", lakini kwa Kiingereza "bee" ni nyuki na husomwa kwa i ndefu. Kwetu "oa" ni jambo la harusi lenye silabi mbili; katika "boat" ni sauti moja. Katika "rain", ai hukaribia "ei". Kwa sababu hiyo nashauri vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza visifunguliwe katika kikao kimoja, na kila kikao kianze kwa swali: "Leo tunasoma lugha gani?"

Vifaa ni vya kawaida. Kata kadi kutoka kwenye boksi tupu, uandike kila jozi kwenye kadi yake moja ili macho yasiitenganishe. Chini ya neno weka nukta kwa herufi inayojitegemea na mstari kwa jozi, hivi kwamba "fish" itakuwa na nukta mbili na mstari mmoja, yaani sauti tatu. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Anzeni na sh, ambayo huvutika, kisha ch, th na ng, na baadaye ee na oo. Gh iacheni kabisa kwa sasa, kwa kuwa katika "night" haisikiki na katika "laugh" hugeuka f.

Walio Uingereza yenyewe (England) wafahamu kwamba tangu 2012 watoto wa darasa la Year 1 katika shule za serikali hupewa maneno 40 wayasome ili kupima ujuzi huu, na nusu yake hayana maana yoyote. Mtoto mwepesi wa kubahatisha atasoma "shom" kama "shop". Mrudishe kwenye nukta na mstari. Tungeni wenyewe maneno ya namna hiyo. Mimi na mjukuu wangu tuliwabandika paka wa mtaa wa Kibokoni maneno hayo yawe majina yao, na yule wa kijivu anayelala barazani kwetu tulimwita Thoob, jina la jozi mbili. Kila akipiga simu, huniuliza kwanza kama Thoob amekula.